Mihindi 62 kati ya 100 imeliwa. Je, nimepoteza asilimia 62 ya mavuno?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi. Viwavijeshi vamizi wameingia mashambani mwetu tangu mihindi ikiwa inafika magotini, na baadhi ya mashamba yana dalili za bungua wa mabua pia. Nimepita shambani kwangu nikahesabu mihindi 100, na 62 ina majani yaliyotobolewa. Tumeombwa taarifa ya hasara kwa asilimia. Mwenzangu wa kikundi jirani ameandika 80. Je, niandike 62? Na kama si hivyo, hasara hasa inapimwaje? Mihindi sasa ndiyo inaanza kutoa mbelewele.

Jibu: Marahaba, ndugu katibu, na ahsante kwa kuhesabu kabla ya kuuliza. Wengi husimama ukingoni mwa shamba, wakatazama, wakaandika. Wewe una namba ya kweli mkononi, ila namba hiyo inajibu swali jingine. Usiandike 62 kama hasara. Hicho ni kiwango cha mashambulizi, yaani sehemu ya mimea iliyoguswa na mdudu. Hakisemi kila mmea umeumizwa kiasi gani, wala mmea ulioumizwa utapungukiwa na punje ngapi. Kati ya jani lililotobolewa na gunia lililopungua kuna safari ndefu, na mhindi wenyewe haukai tu ukisubiri kufa.

Tofauti hiyo si ndogo. Kiwavijeshi vamizi alithibitishwa kuwapo Afrika mwaka 2016. Mwaka uliofuata wakulima wa Ghana na Zambia waliulizwa wamepoteza kiasi gani cha mahindi, nao kwa wastani wakataja asilimia 45 Ghana na asilimia 40 Zambia. Baadaye watafiti waliingia kwenye mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe, wakakagua mimea na kupima mavuno yenyewe. Mimea iliyoshambuliwa ilikuwa kati ya theluthi moja na karibu nusu, lakini upungufu wa mavuno uliosababishwa na kiwavi huyo ulikuwa kama asilimia 12. Sisemi wale wa kwanza walidanganya. Nchi ni tofauti na misimu ni tofauti. Nasema jicho linalotazama shamba lililoraruliwa linaona vidonda vyote kwa mara moja, na halioni mmea ukijiponya kwenye wiki zinazofuata.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni mmea ulikuwa na umri gani uliposhambuliwa. Mhindi mchanga, mpaka ufikishe majani kama sita yaliyokunjuka, kiini chake cha kukulia bado kiko chini ya udongo au usawa wake. Majani ya juu yakiliwa, kiini kinasukuma mengine. Tena yale majani ya mwanzo, hata yasipoguswa na mdudu yeyote, hukauka yenyewe kabla mhindi haujabeba. Wakadiriaji wa bima ya mvua ya mawe nchini Marekani wana majedwali yaliyojengwa juu ya majaribio ya kukata majani kwa makusudi. Mhindi wenye majani saba ukiondolewa majani yote, hasara ya punje hukadiriwa kuwa kama asilimia 9. Mhindi uliotoa mbelewele ukiondolewa majani yote, hasara ni asilimia 100. Ukiondolewa nusu yake, ni kama asilimia 31. Kiwavi hali kama mvua ya mawe inavyopiga, kwa sababu mawe hupiga mara moja na kiwavi hula siku hadi siku. Na akishuka hadi kwenye kiini akakiua, majedwali hayo hayana kazi tena. Ila yanaonyesha wazi kwamba jeraha la ukubwa ule ule linaweza kuwa karibu na bure leo, na likawa msiba mwezi ujao.

Sababu yake ni kwamba mavuno hayaamuliwi siku moja. Kwanza inaamuliwa idadi ya mimea iliyosimama: hapo maadui ni sota wanaokata miche, na mchwa. Halafu inaamuliwa kila mmea utabeba mahindi mangapi, kisha kila hindi litakuwa na punje ngapi, na hili hutegemea zaidi hali ya mmea katika wiki chache kabla na baada ya kutoa ndevu. Mwisho kabisa unaamuliwa uzito wa punje. Mdudu hupunguza ile sehemu inayojengwa wakati yeye yuko shambani. Iliyokwisha kupita haigusi, na mara nyingi inayofuata huziba sehemu ya pengo. Mihindi ikipungua, iliyobaki hupata nafasi na hubeba mahindi makubwa zaidi. Punje zikipungua, kila moja hupata chakula zaidi ikawa nzito.

Nafaka zinazotoa machipukizi zina uwezo huo zaidi hata ya mahindi. Mpunga ulioingiwa na bungua mapema huonyesha moyo mfu: jani la katikati linakauka na likivutwa linang'oka bila kubisha. Inatisha kuona, lakini shina hilo lina ndugu zake, na chipukizi jingine huchukua nafasi. Bungua huyo huyo akiingia wakati wa kuchanua, unapata suke jeupe lililosimama wima bila punje. Suke hilo limekwenda na halirudi, wala hakuna muda wa kutoa jingine. Kwa hiyo asilimia 10 ya mioyo mifu na asilimia 10 ya masuke meupe ni taarifa mbili zisizofanana, na anayezijumlisha pamoja amezipoteza zote mbili. Kwenye mtama, inzi wa miche huua moyo wa mche ukiwa bado mdogo, na mtama hujibu kwa machipukizi ya pembeni. Unyevu ukiwapo, machipukizi hayo hubeba, ila huchelewa, na suke lililochelewa hukutana na usubi wa mtama na ndege. Hapo mdudu wa mwanzo anaweza kuonekana hakufanya neno, kumbe ndiye aliyeyapeleka masuke kwa adui wa pili.

Sasa turudi shambani kwako. Ukisimama mbele ya mhindi, usisome majani yote kwa pamoja. Kiwavi hula akiwa ndani ya moyo wa mhindi, kwenye majani machanga ambayo bado yamejikunja moja ndani ya jingine. Mdomo ukipenya mkunjo huo, unatoboa tabaka kadhaa kwa mpigo mmoja. Siku chache baadaye jani linapokunjuka unaona mstari wa matundu yanayokata jani kwa upana, nawe unadhani viwavi walikuwa wengi. Mara nyingi alikuwa mmoja: viwavijeshi vamizi wakikua hulana wenyewe, na kwa kawaida moyo mmoja hubaki na kiwavi mkubwa mmoja. Kwa hiyo jani la chini lenye matundu ni kumbukumbu ya wiki zilizopita. Ukitaka kujua hali ya leo, tazama majani mawili au matatu machanga kabisa na kinyesi kibichi, laini na chenye maji. Kinyesi kilichokauka kikawa chengachenga kinaweza kuwa cha kiwavi aliyekwisha shuka ardhini kujigeuza buu, au aliyeuawa na nyigu zamani. Mihindi yako 62 ina vidonda. Ni mingapi ina kiwavi hai, hilo hukuliandika, na ni namba nyingine kabisa. Ile ya viwavi hai, pamoja na umri wa mmea, ndiyo ya kuamulia kupiga dawa. Ile ya vidonda, ikipangwa kwa ukali, ndiyo ya kupimia hasara.

Kupanga kwa ukali ndiyo hatua inayokosekana kwenye hesabu yako. Watafiti hutumia kipimo cha Davis, cha 0 hadi 9, kuanzia mmea usio na alama hadi ule ambao majani yake ya moyo karibu yote yameangamizwa. Kwa kikundi cha wakulima madaraja kumi ni mengi mno: watu wawili hawatakubaliana kama mmea huu ni 5 au 6. Mimi napendelea manne. Mzima ni ule usio na alama. Hafifu una vidirisha vyeupe, yaani sehemu za jani zilizokwanguliwa zikabaki ngozi nyembamba, na matundu madogo, lakini majani mengi ya juu ni kamili. Wastani una matundu marefu na kingo zilizoliwa kwenye majani kadhaa ya juu, ila moyo uko hai. Mkali umeraruliwa moyo, umedumaa, au umekufa. Kabla ya kuanza, simameni wote kwenye mimea kama kumi mkabishane mpaka mkubaliane. Muda huo haupotei.

Na mimea 100 ilichaguliwaje? Hukusema, nami lazima niulize, kwa sababu mguu wa mtu hujiendea wenyewe kwenye mmea ulioumia. Tembea kwa umbo la W kutoka upande huu hadi ule, acha mistari michache ya ukingoni, simama sehemu tano. Kila sehemu hesabu mimea 20 iliyofuatana kwenye mstari mmoja bila kuruka hata mmoja, hata kama mzuri umefuata mzuri mwingine. Hata ukifanya hivyo vizuri, 62 kati ya 100 ina maana kwamba shamba zima liko mahali fulani kati ya takriban 52 na 72. Na kwa kuwa wadudu hukaa kwa mafungu, upana halisi unaweza kuwa mkubwa kuliko huo. Iandike hivyo hivyo, na upana wake.

Kuhusu hasara yenyewe, hujachelewa. Mihindi ikiwa kwenye mbelewele, majani ya juu bado yanasomeka. Tafuta vipande vya kitambaa vya rangi nne, au kamba zenye mafundo tofauti, ukafunge kwenye mabua: mimea 30 au zaidi kwa kila daraja. Hapa kuna kanuni moja inayookoa kazi nzima: kila mmea ulioumia uupatie jirani wake mzima, aliye mita chache kando, kwenye udongo ule ule, mwenye nafasi ile ile. Ukilinganisha mihindi mizima ya bondeni na iliyoliwa ya mlimani, utakuwa umepima mlima. Mavuno yakifika, vuna kila daraja peke yake, pukuchua, pima, gawanya kwa idadi ya mimea. Mmea uliokufa au usiobeba unaingia kwenye hesabu kwa uzito wa sifuri. Usiuache nje kwa sababu hauna cha kupima, maana ndio uliopoteza zaidi.

Tuseme mizima imetoa gramu 140 za punje kwa mmea, hafifu 137, wastani 112, mikali 56. Na tuseme mihindi yako 100 ilikuwa 38 mizima, 35 hafifu, 19 ya wastani na 8 mikali. Kila mmea hafifu umepoteza gramu 3, jumla 105. Kila wa wastani umepoteza 28, jumla 532. Kila mkali umepoteza 84, jumla 672. Zote pamoja ni gramu 1,309. Kama mimea yote 100 ingekuwa mizima, ungepata gramu 14,000. Hasara ni asilimia 9.4.

Namba hizo nimezitunga ili uone hesabu inavyokwenda, zako zitakuwa nyingine. Lakini angalia umbo lake, maana nimelikuta mara nyingi kwa viwavi wanaokula majani. Mimea 35 ya daraja hafifu, ambayo ndiyo iliyojaza ile 62 yako, imechangia kidogo sana. Mimea 8 tu imebeba zaidi ya nusu ya hasara yote. Mtu aliyeandika "imeshambuliwa" na "haijashambuliwa" peke yake hawezi kuiona hiyo 8, na hiyo ndiyo aliyopaswa kuitafuta.

Njia hii ya kulinganisha majirani ina mitego miwili, na inavuta pande tofauti. Wa kwanza: nondo hatagi ovyo. Baadhi ya wadudu hupenda mimea iliyonawiri, yenye kijani kizito. Ikiwa ndivyo, mmea ulioshambuliwa ungezaa zaidi ya jirani yake kama ungeachwa, na hasara utakayoipata ni ndogo kuliko ya kweli. Wa pili: mmea ukidumaa, jirani yake mzima hupata mwanga, maji na mbolea iliyokuwa ya mwenzake. Ukimtumia jirani huyo kama kipimo, umepima dhidi ya mmea uliopendelewa, na hasara inavimba. Dawa ya mtego wa pili ni rahisi: chagua mzima ambao wa kulia na kushoto kwake ni mizima pia. Wa kwanza hauna dawa rahisi. Unapunguzwa kwa kufunga vitambaa mapema, au kwa kupima unene wa bua karibu na ardhi siku ya kufunga, ili uone kama makundi yalianza sawa.

Bungua wa mabua anahitaji macho mengine, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika usipoona. Matundu ya majani aliyoyaacha alipokuwa mdogo hayasemi lolote la maana kuhusu mavuno. Siku ya kuvuna, baada ya kulitoa hindi, lichukue bua la kila mmea wenye kitambaa ulipasue kwa kisu kutoka chini hadi juu. Utaona handaki la kahawia lililojaa kinyesi, likipita kifundo hadi kifundo. Kwenye ukuta wa bua utakuta tundu la duara. Wakati mwingine bado limefunikwa na ngozi nyembamba, ambayo kiwavi huiacha makusudi kabla ya kujigeuza buu ili nondo apate kutokea hapo. Pima urefu wa mahandaki yote kwa futi, ujumlishe, ugawanye kwa urefu wa bua. Andika pia mahali yalipo. Handaki lililo chini ya hindi hukata njia ya maji na chakula kinachopanda kwenda kwenye punje, na hudhoofisha bua hadi kuanguka. Lililo juu kabisa, karibu na mbelewele, mara nyingi halina uzito huo. Likiwa ndani ya kikonyo cha hindi, hindi linadondoka kabla ya kuvunwa, nawe unalikuta ardhini limeota ukungu. Mahindi yaliyodondoka yaokotwe yahesabiwe. Ni hasara ambayo mizani haitaiona kamwe usipoinama.

Na hindi lenyewe likiliwa, hapo jeraha na hasara hukaribiana. Mistari ya punje kwenye hindi huwa shufwa, 12, 14 au 16. Hesabu mistari, hesabu punje kwenye mstari mmoja kamili, zidisha, kisha hesabu nafasi zilizoliwa. Hindi la mistari 14 yenye punje 30 kila mmoja lina punje 420. Zikiliwa 25, ni kama asilimia 6. Lakini tundu la kiwavi kwenye maganda ni mlango wa maji na kuvu, pamoja na wale wanaoleta sumukuvu. Hindi lililopungua asilimia 6 kwa uzito linaweza kuwa halifai kuliwa. Ngano ina mfano mkali zaidi: mdudu aina ya Eurygaster hufyonza punje na kuacha ndani yake kimeng'enya kinachovunja gluteni, na punje chache tu kati ya 100 zikiwa zimefyonzwa, unga wa shehena nzima unashindwa kuumuka. Uzito karibu haujapungua, na ngano imeharibika. Kwa hiyo taarifa yako iwe na mstari wa pili, wa ubora, usiochanganywa na ule wa uzito.

Usisahau unyevu. Mimea iliyoumia mara nyingi huchelewa kukauka, na ukipima punje za siku moja za madaraja yote unaweza kupima maji. Kama una kipima unyevu, rudisha kila uzito kwenye unyevu mmoja, tuseme asilimia 13: toa unyevu uliousoma kwenye 100, zidisha uzito kwa kilichobaki, kisha gawanya kwa 87. Kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 22 zinakuwa kilo 8.97. Kama huna, anika sampuli zote pamoja, siku zile zile, mpaka uzito uache kushuka.

Iko njia nyingine ambayo watu wa vituo vya utafiti huiamini zaidi: vipande viwili vya shamba, kimoja kimekingwa dhidi ya wadudu msimu mzima, kingine kimeachwa, vikirudiwa mara nne au zaidi kwa kupiga kura ya nani akae wapi. Tofauti ya mavuno ndiyo hasara. Uzuri wake ni kwamba haujali nondo alipenda mmea gani. Udhaifu wake ni kwamba dawa hugusa zaidi ya mdudu unayemlenga: baadhi ya dawa huchochea mmea kukua, nyingine huuunguza, na nyingi huua nyigu na siafu waliokuwa wakikusaidia bure. Kwa mkulima, kurudia mara nne na kuacha vipande viliwe ni mzigo mkubwa. Ninyi fanyeni ya vitambaa.

Kuna swali moja ambalo yeyote atakayesoma taarifa yako kwa makini atakuuliza: una hakika gani ni mdudu? Shamba lililokosa mbolea huzaa kidogo bila kiwavi hata mmoja. Ukame wakati wa ndevu huacha mahindi yenye punje za kuhesabika. Kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi, huinyonya huku majani yakiwa mazima. Ndiyo maana silinganishi mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana, wala shamba hili na lile la jirani. Nalinganisha mmea na mmea, kwenye udongo mmoja, chini ya mvua moja. Na sababu zikiwa mbili, zisijumlishwe. Bungua akiondoa asilimia 20 na ugonjwa asilimia 30, jumla si 50. Ugonjwa umekula kwenye 80 iliyobaki, kwa hiyo kinachosalia ni 0.8 mara 0.7, yaani 56, na hasara ni 44. Wanaojumlisha wakifika wadudu watatu na magonjwa mawili hupata zaidi ya 100, na hapo taarifa haisomeki tena.

Hasara ya ghalani ni somo lake, ila kanuni ni hii hii, nami naitaja kwa sababu kosa la 62 hurudiwa huko kila siku. Chukua punje 500, tenga zilizotobolewa na nzima. Tuseme 70 zimetobolewa, yaani asilimia 14. Punje nzima ina wastani wa gramu 0.35, iliyotobolewa gramu 0.28: imepungua kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya 14 ni 2.8. Hiyo ndiyo hasara ya uzito, si 14. Dumuzi, mdudu wa ghalani, akiwa amezidi na punje zimekuwa unga, njia hii inapunguza ukweli, kwa sababu punje iliyokwisha haihesabiki.

Sasa hiyo 80 ya mwenzako. Makadirio ya dunia nzima yaliyotolewa mwaka 2019, yakijumlisha wadudu na magonjwa yote, yalikuwa karibu asilimia 21.5 kwa ngano, 30 kwa mpunga na 22.5 kwa mahindi. Shamba moja linaweza kupoteza 80, hasa nzige wakitua au mdudu akiua mioyo ya miche kabla ya mvua kukatika. Lakini eneo zima likipoteza 80 kwa kula majani peke yake, mihindi isingekuwa inatoa mbelewele leo. Huenda unahofia kwamba namba ndogo itawanyima msaada. Fikiria upande wa pili: taarifa inayosema 80, kisha mavuno yakaja vizuri, hufanya taarifa ya mwaka ujao isiaminike, hata kama mwaka huo ndio wa njaa. Na kabla ya hapo, namba kubwa huleta dawa nyingi kwenye mimea ambayo haiihitaji tena.

Kwa hiyo kwenye fomu, leo, andika hivi: mimea iliyoshambuliwa: 62 kati ya 100; makadirio ya shamba: 52 hadi 72; hatua ya mmea: mwanzo wa mbelewele; mgawanyo wa madaraja manne; mimea yenye viwavi hai: ngapi; mabua yenye dalili za bungua: mangapi. Penye nafasi ya hasara andika "itapimwa wakati wa kuvuna". Wakikulazimisha namba, wape upana, useme wazi kwamba ni makadirio ya awali na umeyapata kwa madaraja. Kisha mwite huyo mwenzako mfunge vitambaa pamoja, kwenye mashamba yenu yote mawili, kwa madaraja yale yale mliyokubaliana. Fanyeni ndani ya wiki hii au ijayo, kabla ndevu hazijakauka. Baada ya hapo majani yanaanza kukauka kutoka chini, upepo unayachana, na alama ya kiwavi haitofautiki tena na ya uzee.